Mia Tano

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Katumba.
Mvua ya Rungwe haijaamua kama ni mvua au ukungu,
na kwenye kituo cha maziwa mfumo wangu ukaanguka
kifudifudi, mbele za watu.

Skrini ikawa nyeupe. Katikati, kwa tarakimu nene: 500.
Chini yake matapishi,
majina ya majedwali, njia za mafaili,
mstari wa mia mbili arobaini na moja,
hata jina ninalolitumia kuingia kwenye hifadhidata;
mambo ya chumbani yameanikwa barazani.

Bi Subilaga, ndoo mkononi, lita saba,
akasoma alichoweza kukisoma.
"Mia tano? Jana si ilikuwa mia tisa?"

Neno likapanda mlima bila kupumzika.
Kufika saa moja lilikuwa Isongole,
na watu kumi na wanane wamegeuza ndoo zao.
Maziwa wakanywa ndama, wakanywa majirani.
Mmoja, nasikia, aliyamwaga mtaroni
na akasimama kuyatazama yakienda.

Ambokile, karani, akanipigia.
Nilikuwa Mbeya, blanketi mabegani,
nikaapa programu haina doa.
Na kweli haikuwa nalo: nimeijaribu mara mia
mezani kwangu, chai ikiwa pembeni,
hifadhidata ikiwa hai siku zote.
Sikuwahi kuiuliza: siku ukinyamaza, nifanyeje?
Niliandika kama mtu anayeanika maharage Tukuyu
na turubai ameliacha kwa shemeji.

Saa nne nilikuwa nimekalia kreti nyuma ya mizani,
matope hadi kwenye kifundo.
Haikuwa imekufa, masikini. Ilikuwa na milango ishirini,
na mimi kila nilipoingia nikachota nikatoka
bila kurudisha hata komeo.
Mteja wa ishirini na moja akagonga,
akagonga,
akakuta ukuta.

*Jaribu*, nikaandika. Na chini yake, kwa mara ya kwanza,
*daka*.
Na chini ya hiyo, *hatimaye*:
funga mlango, hata kama unatoka unalia.

Lita zikiandikwa na jina lisiandikwe, futa vyote viwili;
nusu ya ukweli kwenye daftari la hela
ni uongo mzima.
Uzito usubiri kwenye simu ya karani mpaka kule waamke.
Matapishi yaende faili la ndani, kwa saa na dakika,
niyasome mimi, usiku, nione haya peke yangu.

Kwenye skrini nikaweka: *Kuna hitilafu ya kiufundi.*
Ambokile akacheka puani.
"Hitilafu, dada, hapa ni ya transfoma. Andika."
Akanisomea, huku anafuta chujio:

*Maziwa yako yamepimwa.
Daftari limechelewa kidogo.
Bei haijabadilika.*

Kisha nikachomoa waya makusudi.
Ambokile akafumba macho.
Skrini ikawaza, ikawaza,
ikasema yale maneno matatu kama mtu mwenye adabu.

Jioni Bi Subilaga alirudi na lita nne.
Waya ulikuwa bado mkononi mwangu.
Akasoma yote, taratibu, kidole kikifuata,
akatikisa kichwa kukubali.
"Ndaga. Sasa zile saba za asubuhi,
alizokunywa ndama wangu kwa sababu yako?"

Nilitazama kompyuta. Kwa hilo sikuwa nimeandika kitu.
Nikafungua pochi, nikatoa elfu saba.
Akapiga hesabu kwa midomo, lita saba mara mia tisa,
akafungua pindo la kanga,
akanirudishia sarafu mbili, zote za baridi:
moja ya mia mbili,
na nyingine akaibonyeza katikati ya kiganja changu.
"Mia tano," akasema, "ni hii."